Gari likizima usiku barabarani usiliache gizani
Wadau, msidhani aliyegonga kwa nyuma ndo mwenye kosa siku zote. Lori likizimika usiku pale Dar, Mandela Rodi au Morogoro Rodi, halina taa wala hazadi (taa za tahadhari za kuwaka na kuzima), dereva kaweka matawi mawili ya mti kaenda kutafuta fundi, ukiligonga lawama zinaweza kugawanywa, yeye kwa kuacha hatari gizani na wewe kama ulikuwa spidi. Sasa ushahidi ndo kila kitu, kama hujaumia piga picha hapohapo kabla magari hayajasogezwa, onyesha pembetatu ya kuakisi ilikuwepo au haikuwepo, taa za barabarani zilikuwa zinawaka au la, chukua namba za mashahidi hata bodaboda, maana hiyo pembetatu wengine huja kuiweka baada ya ajali, na trafiki akifika anachora mchoro kwa anachokikuta.