Maji ya Ziwa: Angalia Hali Yake Kabla ya Kuyachemsha

Chota maji kwenye glasi, yainue kwenye mwanga. Yakiwa na ukijani unaoelea juu kama rangi iliyomwagika, usiyachemshe. Huo ni mwani unaostawi kwenye ghuba zilizotulia wakati wa joto, ukilishwa na mbolea na maji taka. Aina zake nyingine zina sumu inayodhuru ini, na moto hauiondoi: hupasua mwani na kuiachia sumu yote sufuriani. Hapa hakuna ujanja wa nyumbani. Tafuta maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa, na mifugo pia isinywe hayo ya kijani.

Maji ya tope ni jambo jingine. Mvua ikinyesha Mwanza, uchafu wa vyoo vya milimani hushuka na mifereji hadi Mto Mirongo, kisha ziwani, na kipindupindu hupata njia. Kwa lita 20 zenye tope la wastani, menya mbegu 10 za mlonge zilizokaukia mtini. Tope likiwa zito, 20. Zitwange, changanya unga na kikombe cha maji safi, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye ndoo. Koroga kwa kasi dakika 1, kisha polepole dakika 5 hadi 10. Funika, usiiguse kwa saa 1 hadi 2. Mimina maji ya juu tu, ukiyapitisha kwenye kitambaa safi.

Yamekuwa meupe, lakini vijidudu bado vimo. Tia kidonge cha klorini cha lita 20, subiri dakika 30. Yasiponukia klorini hata kidogo, uchafu umeimaliza dawa, rudia. Wanaotia kidonge kwenye tope moja kwa moja hupoteza dawa yao bure. Ukipenda kuchemsha, yakishatokota dakika 1 inatosha kwa mwinuko wa Mwanza. Zaidi ya hapo ni kuchoma mkaa tu. Hifadhi kwenye dumu au ndoo ya koki, maana kikombe cha kuchovya huyachafua upya. Yaliyosafishwa kwa mlonge yaishe ndani ya saa 24, la sivyo huvunda.

Ya kuoga yana adui wake: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majanini, hasa jua la mchana, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Chota mbali na magugu, chuja konokono, acha maji yakae siku 2 kwenye pipa lenye mfuniko. Waliokwisha kuoga ziwani waende zahanati wakapimwe choo, hata kama hawaumwi.