Kubuni Kinga ya Goti Isiyoteleza Mguuni

Kinga ya goti ikishuka hata sentimita mbili huanza kumsumbua mvaaji badala ya kumsaidia, kwa sababu bawaba zake hazilingani tena na kiungo, na kila anapokunja mguu, chuma na mfupa huvutana, kila kimoja kikitaka njia yake. Kwa hiyo mbunifu anayeanza kwa kuchagua kitambaa ameanzia mwishoni. Mwanzo ni umbo la mguu.

Paja ni nene juu na hupungua kadiri linavyokaribia goti, hivyo chochote kinachofungwa hapo huelekea kushuka mvaaji anapokimbia. Shavu la mguu, kwa upande mwingine, hutuna chini kidogo ya goti, na mkanda unaokaa juu tu ya mtuno huo hupata pa kuegemea. Mkanda huo ndio unaoibeba kinga nzima, na ndio unaopaswa kufungwa kwanza; mikanda ya pajani, ambayo wengi huikaza mpaka mguu ukafa ganzi, kazi yake ni kuituliza kinga isiyumbe tu.

Mpime mvaaji akiwa amesimama, misuli ikiwa imelegea. Chukua mzingo wa katikati ya pia ya goti, wa sentimita 15 juu yake na wa sentimita 15 chini yake. Pima miguu yote miwili, kwani mguu uliowahi kuumia mara nyingi huwa na paja jembamba kuliko mwenzake.

Baada ya hapo amua kinga itafanya nini. Soksi ya goti isiyo na vyuma hutia joto, hubana kidogo na kumfanya mvaaji alihisi goti lake, lakini haiwezi kuzuia pigo la ubavuni. Anayehitaji kulindwa kano za pembeni atengenezewe mihimili miwili, ya alumini au ya nyuzi za kaboni, yenye bawaba na vizuizi vinavyozuia goti lisipinde kinyumenyume. Bawaba ya mlango haifai hapa: mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya muundi goti linapokunjwa, kwa hiyo kitovu cha mzunguko huhama. Bawaba yenye vitovu viwili vilivyounganishwa kwa meno huufuata mwendo huo kwa karibu zaidi, mradi iwekwe nyuma kidogo ya mstari wa katikati wa mguu ukitazamwa kwa ubavu.

Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna kifundo cha mfupa mwembamba kinachopapasika kwa kidole. Neva hupita hapo karibu kabisa na ngozi, na ikibanwa kwa muda mrefu mvaaji anaweza kushindwa kuinua wayo. Mkanda wala pedi ngumu visiguse mahali hapo.

Kuhusu kitambaa sina mengi ya kusema. Neopreni, yaani mpira laini wa kutengenezwa, hubana vizuri lakini hutunza jasho, na wapo ambao ngozi zao huikataa. Kitambaa cha nailoni kilichofumwa kwa nyuzi za kuvutika hupitisha hewa zaidi. Weka vipande vya silikoni ndani ya kingo za juu na za chini. Mshono usipite nyuma ya goti: sampuli yangu ya kwanza ilikuwa nao, na baada ya dakika 20 za kukimbia ngozi ilikuwa na mstari mwekundu kama wa kuchapwa.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Chora mstari wa kalamu kwenye ngozi, sambamba na ukingo wa juu wa kinga, kisha mvaaji akimbie dakika 30, apande ngazi na kuchuchumaa mara kadhaa. Pima umbali kati ya mstari na ukingo akiwa bado anatoka jasho. Kisha ifue kinga hiyo mara 30, urudie jaribio hilo kuanzia mahali palepale, kwa maana elastiki na velkro zilizokuwa imara siku ya kwanza huwa zimekwisha kulegea.