Trei ya mayai na mbegu za ubuyu kwa darasa la awali

Mwalimu wa awali hapa Dodoma hana haja ya kununua vifaa vya kuhesabia. Chukua trei mbili za karatasi za mayai 30, ziwe safi, ukate kila moja vipande vitatu vya vishimo 10, yaani safu mbili za tano tano. Mbegu za ubuyu ziloweke usiku kucha, zisugue mpaka unga wote utoke, kisha zianike zikauke kabisa. Ukibakiza unga, sisimizi watawahi kabla ya watoto.

Kaa mkekani na watoto wanne au watano tu, kila mmoja na kipande chake na mbegu 10. Mbegu moja, kishimo kimoja, namba moja mdomoni. Kwa kawaida mdomo wa mtoto hufika saba wakati mkono uko kwenye tano. Usimkemee, punguza mwendo, gusa naye kila kishimo. Akimaliza muulize, "Ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Huyo usimkimbizie kwenye daftari, aendelee kucheza.

Kisha waachie mbegu dakika 15 bila maelekezo. Watafungua duka, watacheza bao, watabishana bei, na maneno mapya hutokea humo humo.

Walio chini ya miaka mitatu wape magunzi mazima badala ya mbegu, maana mbegu hukaba koo. Hata kwa wakubwa, zihesabu zote wakati wa kukusanya: huingia puani na masikioni.