Namna ya Kupima Urithi wa Mmiliki wa Timu

Anayetaka kuandika au kutoa hoja juu ya urithi wa mmiliki wa timu ya mpira, yaani kile anachokiachia klabu, aanze na swali ambalo mashabiki wengi huliruka: timu ni mali ya nani? Hapa Dodoma jibu halina utata, kwa kuwa Dodoma Jiji ni timu ya Halmashauri ya Jiji, na anayewajibika kwa mishahara na usajili ni taasisi yenye bajeti na baraza la madiwani. Azam ni timu ya kampuni ya Bakhresa. Simba na Yanga, kwa upande wao, ni klabu za wanachama, ambamo fedha za mtu mmoja zinaweza kutawala kila kitu pasipo yeye kuimiliki klabu. Yusuf Manji aliiongoza na kuifadhili Yanga, lakini alikuwa mwenyekiti tu. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida aliyekuwa mbunge wa huko kuanzia 2005 hadi 2015, alishinda zabuni ya asilimia 49 ya hisa za Simba mwishoni mwa 2017 kwa dau la shilingi bilioni 20, na asilimia 51 zikabaki kwa wanachama. Ukiwaweka wote hawa katika kapu moja, hukumu yako itakuwa imepotoka kabla hujaanza kuitoa.

Orodhesha vikombe, lakini usikae hapo muda mrefu. Simba ilitwaa Ligi Kuu mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, kisha Yanga nayo ikatwaa mara nne mfululizo, kwa fedha za watu wengine; jambo hilo linaonyesha nguvu ya mfuko zaidi ya linavyoonyesha urithi.

Kazi kubwa ni kutafuta kitakachosimama mwenye fedha akiondoka. Uliza juu ya uwanja, timu za vijana, madeni na katiba ya klabu. Kwa kipimo cha ligi, Azam ina ubingwa mmoja, wa 2013/14. Kwa kipimo cha majengo, uwanja wake wa Chamazi umetumiwa hata na wapinzani wake kwa mechi za kimataifa, na kwa maoni yangu huo ni urithi mzito kuliko kabati lililojaa vikombe. Mikoani hali ni tofauti, kwani timu nyingi huchezea viwanja vya chama, kama CCM Liti cha Singida, na mfadhili akiondoka haachi hata tofali.

Kisha chunguza namna mtu alivyoondoka. Roman Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003, na alipoiuza mwaka 2022 baada ya kuwekewa vikwazo na Uingereza, klabu ilikuwa na deni la takriban pauni bilioni 1.5 kwake, ambalo alilisamehe. Jiulize ingekuwaje kama angelidai. Jack Walker aliipa Blackburn Rovers ubingwa wa Uingereza mwaka 1995, na miaka minne baadaye timu ikashuka daraja, yeye mwenyewe angali hai.

Kwetu kanda ya kati kuna kipimo kingine ambacho wachambuzi wa mbali hawakifikirii: jina na makazi ya timu. Singida United ilirudi Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo na ikashuka mwaka 2020. Baadaye mji huohuo ukapata Singida Big Stars, iliyogeuka Singida Fountain Gate, ambayo nayo ilihamia Babati. Kisha Ihefu ya Mbarali ikaja kuitwa Singida Black Stars. Kabla ya kumsifu yeyote, waulize wakazi, hasa wazee waliokuwa wakienda uwanjani enzi za Namfua, jina la zamani la uwanja wa Liti, ni ipi kati ya hizo wanayoiita yao, na uandike pia wanaposema hakuna.

Kwa ushahidi, usitegemee mahojiano ya msimu wa usajili. Omba katiba ya klabu na taarifa za mkutano mkuu kwa viongozi wenyewe. Kwa Dodoma Jiji una njia pana zaidi, kwa sababu fedha za halmashauri hukaguliwa na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na vikao vya baraza la madiwani huruhusu wananchi kusikiliza. Nenda siku bajeti inapojadiliwa, na unaponukuu kiasi kilichotengwa, tafuta pia kiasi kilichotolewa kweli, kwa maana viwili hivyo ni nadra kulingana.