Rudia jaribio la William Harvey kwenye mkono wako mwenyewe

Wanafunzi wangu wa biolojia wote wanajua kwamba damu huzunguka mwilini. Ukiwauliza wamejuaje, wanakujibu kwamba imeandikwa kitabuni. Jibu hilo lisingemridhisha William Harvey, tabibu Mwingereza wa karne ya 17, hata kidogo, maana vitabu vya zama zake viliandika kinyume. Vilimfuata Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliyefundisha kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula na viungo vya mwili huitumia ikaisha. Fundisho hilo lilitawala kwa zaidi ya miaka 1,400. Mwaka 1628 Harvey alichapisha kitabu chembamba mjini Frankfurt, akalivunja. Sehemu nzuri kuliko zote ya ushahidi wake haihitaji maabara. Mimi huifanya darasani kabla sijachora moyo ubaoni, na wewe unaweza kuifanya leo ukiwa umekaa kitini.

Tafuta kitambaa laini kirefu, saa yenye mshale wa sekunde, daftari, na mtu mwingine mmoja. Mkono unaofaa ni ule wenye mishipa inayoonekana. Kama yako imejificha, fanya kazi kidogo mwili upate joto, au tumia mkono wa mwenzako. Asifanye mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aliyewahi kupata damu iliyoganda mshipani, anayesafishwa damu kwa mashine, wala kwenye mkono uliovimba au wenye jeraha.

Kabla ya kufunga chochote, andika daftarini unadhani damu ya kwenye mishipa hiyo ya juu juu inaelekea wapi: kiganjani au begani? Usiruke hatua hii. Asiyebashiri ataona mshipa umevimba tu, basi.

Sasa funga kitambaa juu ya kiwiko. Kiasi cha kukaza ndicho kiini cha jaribio. Harvey alilinganisha vifungo viwili. Alipokaza sana, mapigo ya kifundo cha mkono yalipotea na kiganja kikaanza kupoa, kwa sababu ateri, yaani mishipa ya ndani yenye mapigo, zimebanwa na damu haifiki. Usifanye hivyo. Kifungo chake cha pili kilikuwa cha wastani: mapigo bado unayasikia kwa vidole, lakini vena, yaani ile mishipa ya juu juu inayoonekana, zimezibwa. Hapo damu inaingia na haipati njia ya kutoka, kwa hiyo mishipa iliyo chini ya kitambaa, upande wa kiganja, inatuna. Juu ya kitambaa, upande wa bega, haituni. Hilo peke yake lingetosha kumsumbua mfuasi wa Galen, aliyeamini kwamba damu ya mishipa hiyo inashuka kwenda kiganjani. Ndiyo sababu pia muuguzi anapotaka kukutoa damu hufunga mpira juu ya mahali atakapochoma, si chini yake.

Acha kitambaa kwa dakika mbili, ukianza kusikia ganzi fungua mara moja. Katika muda huo angalia vena moja iliyotuna kwenye sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja. Utaona vinundu vidogo hapa na pale. Hivyo ni vali, vijilango vilivyo ndani ya mshipa.

Weka kidole cha kwanza juu ya vena hiyo, mahali palipo chini ya kinundu, upande wa kiganjani. Bonyeza na usikiachie. Kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea kiwiko mpaka upite kinundu, kisha inua hicho cha pili tu. Kipande kati ya kidole kilichobaki na kinundu kinabaki kitupu, kimelala, ilhali juu ya kinundu mshipa umejaa. Damu ipo pale pale na hairudi. Jaribu kuisukuma irudi chini: inajikusanya kwenye kinundu na kukwama. Halafu achia kidole cha kwanza. Kipande kinajaa papo hapo, kutokea upande wa kiganja. Darasani hapa ndipo kelele huanza, na huwa siwanyamazishi.

Ninachotaka ukione ni hiki. Harvey hakuwa wa kwanza kuziona vali hizo. Mwalimu wake wa Padua, Italia, aitwaye Fabricius, alizichora na kuzieleza kabla yake, ila aliamini kazi ya vali ni kupunguza kasi ya damu inayoshuka ili isirundikane mikononi na miguuni. Alikuwa na vali zile zile mbele ya macho, lakini alikwisha amini kwamba damu inashuka. Harvey aliuliza kwanza inaelekea wapi. Rudi kwenye daftari lako, soma ulichobashiri, kisha amua ungekuwa upande wa nani.

Baada ya kufungua kitambaa, fanya hesabu. Pima mapigo yako kwa dakika moja. Tuseme ni 70. Kadiria kiasi cha damu ambacho moyo hutoa kwa pigo moja, na kadiria kidogo mno, kama alivyofanya Harvey ili asishukiwe kutia chumvi. Tuchukue mililita 5 tu. 5 mara 70 mara 60 ni lita 21 kwa saa, na mtu mzima ana damu kama lita 5 mwili mzima. Ini gani litatengeneza lita 21 kila saa, kwa chakula kipi? Kiasi halisi mtu akiwa ametulia ni kama mililita 70 kwa pigo, yaani karibu damu yako yote hupita moyoni kila dakika. Ndiyo maana dawa iliyodungwa mkononi hufika kichwani upesi. Mwaka 1656 Christopher Wren, mwanasayansi Mwingereza, alimdunga mbwa kasumba (afyuni) kwenye mshipa. Bila wazo la mzunguko, jaribio hilo lisingekuwa na maana.

Harvey alibaki na pengo moja: damu inavukaje kutoka ateri hadi vena? Alifariki mwaka 1657 bila kuona. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, tabibu Mwitaliano, aliziona kapilari, mishipa myembamba mno inayounganisha ateri na vena, kwa hadubini kwenye mapafu ya chura. Kwako wewe inatosha kubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha kuuachia. Wekundu unaorudi ni kapilari zinazojaa, na wauguzi hutumia kipimo hicho hicho: ukichelewa kupita sekunde mbili hivi, wanaanza kujiuliza kuhusu mzunguko wa damu wa mgonjwa.

Kama bado mna hamu, kunja karatasi nyingi pamoja ziwe mrija mnene uliobana. Mwaka 1816, hospitali ya Necker, Paris, tabibu René Laennec alifanya hivyo ili asilaze sikio kifuani kwa mgonjwa wa kike. Stetoskopu, kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua, ikaanzia hapo. Weka ncha moja chini kidogo ya ziwa la kushoto la mwenzako, sikio kwenye ncha nyingine, redio na feni zizimwe. Zitakuja sauti mbili. Leo tunajua ni vali za moyo zinazojifunga, ndugu wa zile za mkononi. Laennec alizisikia vizuri kabisa, lakini ya pili alidhani ni vyumba vya juu vya moyo vinavyojikaza. Unaposikiliza, shika pia mapigo ya mwenzako kwenye kifundo cha mkono, uandike ni sauti ipi inayolitangulia pigo, kabla hujafungua kitabu.