Aliechimba nani? Kusachi asili ya binadamu mtandaoni bila kubebeshwa uongo

Kila muhula wanafunzi wananijia na asaimenti ya chimbuko la binadamu, mtu kaandika kurasa nne safi kabisa, nikimuuliza hii umeitoa wapi jibu ni moja tu, "Google, mwalimu". Sasa Google si mtu jamani. Google ni dalali tu kama wale wa sokoni Darajani hapa Zanzibar, anakuonesha mlango, bidhaa mbovu au nzima juu yako. Basi nawawekea hapa njia ninayotumia mie skuli, na swali langu ni hilohilo moja kila hatua: aliechimba nani?

Hatua ya 1. Usisachi "binadamu alitoka wapi", utaletewa takataka za dunia nzima na bando litaisha. Chagua kitu kimoja cha kushikika. Fuvu moja, pango moja, alama za nyayo. Mfano Zinjanthropus, hilo fuvu la kale la bonde la Olduvai kule Ngorongoro, aliloliona mtafiti Mary Leakey Julai 1959, na raha yake kwetu ni kuwa hilo Zinj ni jina la zamani la pwani yetu hii, ndo limo mpaka kwenye neno Zanzibar.

Na hapa nikiri dhambi yangu. Mie miaka nimesomesha kuwa Zinjanthropus ni babu yetu, nimekopi kwenye notsi za zamani nilizopewa na mimi, mpaka mtoto mmoja akaja na karatasi kaiprinti anauliza mbona hawa wanasema vyengine. Karatasi ilitoka tovuti ya asili ya binadamu ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani. Nikaenda kusoma, kweli, siku hizi anaitwa Paranthropus boisei, umri kama miaka milioni 1.75, magego makubwa ya kutafunia, na ni tawi la pembeni lililokatika, halikuzaa mtu. Nilirudi darasani nikafuta ubao. Kwa hiyo tarehe ya ulichokisoma ni muhimu kuliko uzuri wa ukurasa.

Hatua ya 2. Anza Wikipedia, ndio, anza tu, ila usilale hapo. Shuka chini kabisa kwenye marejeo, chukua jina la mtafiti na mwaka, halafu hamia Google Scholar, ile Google ya kusachi makala za watafiti tu. Upande wa kulia ukiona PDF bonya, hiyo ya bure. Ukikuta wanataka pesa usitoe hata senti, muandikie mtafiti mwenyewe barua pepe ya adabu, wengi wanatuma. Na kuna majarida ambayo yote ni bure, PLOS ONE mojawapo.

Hatua ya 3, hii ndo yenyewe, tuifanye pamoja. Andika Kuumbi na Zanzibar kwenye Scholar. Kuumbi ni pango lipo huku kwetu, upande wa Jambiani. Utamkuta Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia, alichimba 2005, timu yake ikasema kuna mifupa ya kuku kwenye tabaka za kale sana. Mwanafunzi mvivu anaishia hapo. Wewe angalia chini ya makala, pana idadi ya waliomtaja, bonya hapo. Utakuta timu nyengine iliyochimba baadae ikachapisha 2016, moja ya makala zao ipo PLOS ONE, wao wanasema watu walikuwepo pale tokea kama miaka 20,000 nyuma, wakati Unguja imeshikana na bara kwa sababu bahari ilikuwa chini, na wakiwinda wanyama ambao leo huwaoni kisiwani, pundamilia, nyati. Ila kuku wa kale hivyo hawakuwaona, mifugo kwao inakuja Zama za Chuma. (Wapemba msinune, mkondo wa bahari baina yenu na bara ni mrefu kwenda chini, nyie mmekuwa kisiwa zamani sana.)

Sasa mbona wanapingana? Usiogope, hiyo ndo marks zako zilipo. Andika wote wawili, andika kila mmoja kapima nini na kwa njia gani, halafu sema wewe umeridhika na nani na kwa nini. Ukurasa ambao haukuoneshi aliechimba wala alichopima, hata uwe na picha nzuri vipi, uweke pembeni.

Hatua ya 4, fupi. Ukiitumia ile programu ya akili bandia (AI) inayokuandikia majibu, kila rejeo inalokupa likague. Mwaka jana nililetewa rejeo lina jina la mtafiti, jarida, kurasa, kila kitu, nikalitafuta, halipo duniani. Makala ya kweli mara nyingi ina DOI, yaani namba yake ya utambulisho, ibandike doi.org, isipofunguka uliza.

Wazazi pia wanauliza, mwalimu mnawafundisha watoto kuwa wametokana na nyani? Mie nawajibu asaimenti inauliza ushahidi upi umepatikana na wapi, imani ya mtoto mwachieni chuoni kwake, madrasa.

Hatua ya 5 ni ya utamaduni, na huku watu wanateleza zaidi. Chukua Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kila tovuti ya watalii inasema umetoka Uajemi imetosha. Kuna utafiti wa DNA ulitoka kwenye jarida la Nature 2023, watu 80 waliozikwa baina ya 1250 na 1800, makaburi mengi ya pwani ya Kenya na kusini hadi Lindi, ukaonesha upande wa mama ni Waafrika hasa na upande wa baba Uajemi umo kweli. Lakini damu haikwambii kwa nini siku ya Mwaka Kogwa watu wanachapana na magogo ya migomba. Hiyo nenda kaulize wazee. Omba ruhusa kabla hujarikodi, andika tarehe na kijiji, na bibi akikwambia "sie tumekuta hivyo" andika hivyohivyo, usimtie maneno ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, mdomoni.