Kuzuia kifua kikuu sugu kisienee nyumbani na kijijini

Wengi hudhani TB sugu humpata aliyekatisha dozi tu. La. Vimelea vilivyoshinda isoniazidi na rifampisini, dawa mbili kuu za TB, husafiri kwa hewa kama vile vya kawaida, na anayevivuta anaweza kuugua TB sugu bila kuwahi kumeza kidonge kimoja cha TB.

Maambukizi mengi hutokea kabla ugonjwa haujajulikana. Mtu anakohoa, ananunua antibiotiki ya siprofloksasini duka la dawa, kikohozi kinatulia kidogo, kisha kinarudi. Muda wote huo analala na watoto chumba kimoja. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda zahanati. Anayeishi na VVU asisubiri wiki hizo.

Uliza kama makohozi yatapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB. Darubini huonyesha vimelea tu, haisemi kama ni sugu. GeneXpert hutambua usugu wa rifampisini kwa chini ya saa 2. Kinachochelewesha vijijini ni usafiri wa sampuli. Asubuhi, kabla ya kula, sukutua kwa maji, toka nje mbali na watu, vuta pumzi ndefu na ukohoe kutoka kifuani. Inatakiwa mililita 3 hadi 5, karibu kijiko cha chai. Mate matupu hayafai, na ndiyo kosa la kila siku. Funga kifuniko, weka kivulini, peleka siku hiyo hiyo.

Nyumbani, hewa ndiyo kinga kubwa. Fungua madirisha yanayotazamana. Nyumba yenye kidirisha kimoja haipitishi hewa ya kutosha, kwa hiyo mchana mgonjwa akae nje chini ya mti, usiku alale peke yake ikiwezekana. Yeye avae barakoa ya kawaida. Anayemuuguza ndani avae N95, barakoa nzito inayobana uso, kwani kanga puani haichuji vimelea hivyo. Kutenga sahani na vikombe hakusaidii kitu, kunamdhalilisha mgonjwa bure.

Wote walioishi naye wachunguzwe, watoto wa chini ya miaka 5 kwanza. Kwa watoto kikohozi kinaweza kisiwepo: angalia uzito usioongezeka na homa isiyoisha. Isoniazidi ya kinga haiwafai hawa, kwa kuwa vimelea hivi vimekwishaishinda. Mganga aambiwe wazi kuwa mgonjwa wa nyumbani ana TB sugu. Waendelee kufuatiliwa kwa miaka 2, hata wakiwa wazima.